Presha Moja kwa Ukoo Mzima

Ukishuka stendi ya Tarime na ukaulizia fundi, utaoneshwa mafundi wengi, na wote hao Nyangwine aliwaita wanafunzi wake, hata wale waliomzidi umri. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, na hilo la saba alilisoma akiwa anatazama nje dirishani. Lakini ukimpa kikokotoo kilichoingia maji, au mzani wa buchani uliogoma, alikuwa anaufungua huku anacheka, kama mtu aliyeletewa zawadi. Juu ya mlango wa kibanda chake aliandika kwa rangi nyekundu: DAKTARI WA VIOO VYA NAMBA. Neno la mwisho halikupata nafasi, likahamia ukutani kwa jirani, na jirani akanyamaza kwa sababu redio yake ilikuwa ndani kwa daktari.

Vioo vya namba ni vile vya kijivu, tarakimu zake zimeundwa kwa vijiti vyeusi, vile vya kwenye mizani na saa za mezani. Mafundi wenzake walikuwa wanaviogopa. Kioo kikianza kuandika mambo yasiyosomeka, wanamwambia mteja akanunue kipya. Nyangwine alikuwa ameshavichokonoa mno, na usiku na mchana alikuwa anatazama kwenye simu video za mafundi wa nchi za mbali, ambao lugha yao haielewi lakini vidole vyao anavielewa vizuri, mpaka akaijua siri. Nyuma ya kioo kuna chipu ndogo ambayo kazi yake ni kukumbuka tu: kijiti gani kiwe cheusi na kipi kisionekane.

"Hiyo chipu haijui hesabu," alipenda kuwaambia wateja. "Haijui nane, haijui tisa. Mimi na yeye tulikaa dawati moja."

Sasa siku moja ikaletwa kibandani mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga mkanda mkononi. Shemeji yake Magige, kaka wa mkewe, alikuwa ameinunua Sirari kwa ajili ya mama yao aliyepata kizunguzungu kanisani. Betri zilivuja zikala ndani, kioo kikabaki cheupe kama sahani. Magige akaituma mjini kwa mtu wa bodaboda na maneno machache: "Shemeji, ya mama hii. Usituangushe."

Mashine ya mama mkwe si mashine ya kuchezea. Kwa Wakurya, mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mikono. Hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Toka amuoe Wegesa, Nyangwine alikuwa anaijua sauti ya mama mkwe kupitia ukutani, na mgongo wake akiwa mbali shambani, basi. Na sasa kitu kilichotoka mikononi mwake kilikuwa kinakwenda kuukumbatia mkono wa mama huyo kila asubuhi. Aliifanya kazi hiyo kwa adabu ambayo hata mwenyewe ilimshangaza.

Ubongo wa mashine ulikuwa mzima na pampu ilikuwa nzima. Kilicholiwa na betri ni waya unaotoka kwenye ubongo kwenda kwenye chipu ya kioo. Akakata waya mwembamba kutoka kwenye spika za masikioni zilizokufa, akaulehemu mahali pake. Kisha, kabla ya kufunga mfuniko, akaweka betri mpya, akajifunga mkanda mkononi kujaribu. Mchana ule alikuwa ametoka kugombana na bodaboda aliyeegesha mlangoni, na kabla ya ugomvi alikuwa ameshusha nyama choma ya kuwatosha wanaume wawili. Mashine ikavimba, ikapumua, ikalia pii. Namba zikatokea, nyeusi tii.

Mkewe Wegesa, aliyekuwa amemletea chai, akachungulia. "Baba Sarah, hiyo si kubwa?"

"Kubwa ndiyo. Ulitaka mume mwenye upepo wa baiskeli? Hili ni tairi la trekta."

Akafunga mfuniko akakaza skrubu, na ule waya wa masikioni ukabanwa pembeni bila yeye kuona. Halafu akaifuta mashine yote kwa kitambaa, akairudia tena na tena, ili hata alama ya kidole chake isibaki kwenye kitu cha mama mkwe. Akairudisha Kemambo, kijijini kwa wakwe zake, na agizo la daktari: betri zisiguswe, mfuniko usifunguliwe, na mwenye swali apige simu.

Hakuna aliyepiga. Simu iliyokuja, wiki kadhaa baadaye, ilikuwa ya Magige, na haikuwa ya swali. Harusi ya Winfrida, mdogo wao wa mwisho, iliyopangwa Jumamosi, ilikuwa inaelekea kuahirishwa. Mama ni mgonjwa. Njooni.

Wegesa alilia njia nzima kutoka mjini, ameshikilia koti la mumewe nyuma ya pikipiki. Walipofika Kemambo, boma lilikuwa limepoa. Ulezi wa pombe ya harusi ulikuwa umeanikwa uwanjani na hakuna aliyekuwa anaufukuzia kuku. Mzee Simioni, baba mkwe, alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje ya nyumba ya mkewe, mikono magotini, ametulia kama anayepigwa picha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Salimia polepole, mkwe. Tumekatazwa mishtuko."

Nyangwine akapelekwa kwa Magige, ng'ambo ya pili ya uwanja, mahali pa mkwe kukaa. Kezia, mke wa Magige, akaleta ugali na nyama. Nyangwine akamega, akachovya, akatafuna, akaacha kutafuna. Nyama haikuwa na chumvi hata ya dawa. Akamtazama shemeji yake. Magige, mtu wa kubeba gunia la mahindi kwa bega moja, alikuwa anakula nyama hiyo hiyo kwa huzuni, kidogo kidogo, kama mgonjwa wa wodini.

"Shemeji, chumvi imeisha Kemambo nzima?"

"Hatukutaka kukwambia kwenye simu," Magige akasema. "Tuna presha."

"Nani?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

"Ukoo."

Nyangwine akaweka tonge chini.

"Mama ndiye alianza," Magige akaeleza. "Alipima siku ile ile mashine ilipofika kutoka kwako. Mia sabini na moja kwa mia na tatu. Tukasema labda ni uchovu wa shamba. Kesho yake, ile ile. Nikasema ngoja na mimi nijipime. Ile ile. Baba, ile ile. Winfrida na ubichi wake wote, ile ile."

"Ile ile kabisa? Haipungui hata moja?"

"Mura, sisi ni damu moja. Ulitaka itofautiane?"

"Na Kezia? Kezia si wa damu yenu, katokea kwao huko ng'ambo ya mpaka."

Kezia alikuwa anatoa vyombo. Akainamisha kichwa. "Na mimi ile ile, shemeji."

"Baba akafurahi sana," Magige akasema. "Akasema sasa ndiyo ameolewa kweli."

Hapo mtu mwingine angecheka. Nyangwine alitaka kucheka, kicheko kikafika shingoni kikageuka kuwa mfupa. Maana mashine inayowapa watu wote namba moja haipimi watu, na fundi wa mashine hiyo alikuwa ni yeye.

"Hakuna aliyesema labda mashine ndiyo inaumwa?"

Magige akatazama chini. Kezia naye akatazama chini. Ikawa wazi kwamba lilishasemwa na likazimwa. Kutoka ng'ambo ya uwanja, nyuma ya ukuta wa nyumba ya mama mkwe, sauti ikajibu yenyewe, maana mama huyo presha ilikuwa haijamgusa masikio:

"Mwambieni mkwe, hapa kwangu hakuna mtu wa kuisema mashine hiyo. Imepita mikononi mwake. Mikono ya mkwe wangu haidanganyi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kuitilia mashine shaka ilikuwa sawa na kumsema mkwe mbele ya wakwe zake. Kezia alipojaribu kunong'ona tu, alikatazwa kama aliyetukana. Familia nzima ilikuwa imeona ni heri iugue yote, kwa adabu, kuliko mmoja wao amvunjie Nyangwine heshima.

Wegesa akauliza kwa sauti, akiwa upande wa mama yake: "Sasa mama, si twende zahanati wakupime?"

"Nikapange foleni niambiwe ninachokijua? Nikilala nimelala. Lakini simtoi binti yangu Jumamosi huku damu inagonga hivi. Nikianguka mbele ya watu wa Nyambureti watasema tumewapa mwali mwenye mkosi. Magige, wapigie simu wakina Godwin kabla jua halijazama. Wasije wakaanza kukodi magari."

Godwin ndiye bwana harusi, kijana wa Nyambureti, upande wa Serengeti. Magige akatoa simu mfukoni, akaiweka gotini, akaitazama kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia.

Winfrida akatoka jikoni. Macho mekundu, lakini alipomwona Nyangwine alijitahidi kutabasamu. "Shikamoo shemeji." Huyu ndiye aliyekuwa anabeba salamu kati yake na Wegesa enzi za uchumba, akiwa bado mdogo wa kupanda mipapai, na hakuwahi kuzisema kwa mtu. Nyangwine akaitikia, halafu akashindwa pa kuweka macho.

Wegesa akamvuta pembeni, nyuma ya ghala la mahindi. "Baba Sarah."

"Nimesikia."

"Mashine ina shida."

"Mashine yangu haina shida."

"Basi una maana mama yangu na baba yangu na ndugu zangu wote wana ugonjwa mmoja, kipimo kimoja, kama sare ya shule?"

Nyangwine akafikiria kibao chake cha rangi nyekundu. Akafikiria wale wanafunzi wake wa stendi, wanavyojua kucheka. Akifungua mdomo, habari itafika Tarime kabla yake, na kila atakapopita mtu atauliza presha ya kioo. Akinyamaza, Jumamosi hakutakuwa na pilau wala honi, na Winfrida atakuwa amebaki na gauni lake kwenye sanduku. Akarudi uwanjani, hana furaha, anatembea kama anayesukumwa.

"Leteni mashine," akasema. "Nataka kuona mnavyopima."

Ikaletwa ndani ya mkoba wake, safi, inang'aa. Magige akakaa, akakunja shati. Kezia akamfunga mkanda kwa ustadi wa mtu aliyeshafanya hivyo asubuhi nyingi. Halafu, kabla ya kubonyeza, akachukua kanga akaifunika mashine gubigubi.

"Hiyo kanga ya nini?"

"Ndivyo tunavyopima, shemeji. Tunaifunika mpaka ilie pii."

"Nani aliwafundisha?"

Ukuta ukajibu: "Mwambieni mkwe, ukikaa unakitazama kinapanda. Moyo unaogopa macho."

Nyangwine akashusha pumzi. "Mwambieni mama," akasema, akiukabili ukuta kwa heshima zote, "leo moyo utuvumilie. Funua, Kezia. Bonyeza."

Kezia akafunua, akabonyeza. Na pale pale, mkanda haujavuta hata upepo wa kuzima kibiriti, kioo kikaandika: mia sabini na moja kwa mia na tatu. Ndipo pampu ikaanza kuguruma, ikavimba, ikabana, ikapumua taratibu, ikalia pii, na namba zikawa zile zile, zimekaa kama wazee kwenye kikao.

Magige akautazama mkono wake, akaitazama mashine. "Imejuaje kabla?"

"Haijui kitu," Nyangwine akasema.

Mzee Simioni akasogeza kiti. "Mkwe, mimi sikusoma. Nieleze kama unavyomweleza mtu."

Hapo sasa ndipo Nyangwine alipopata nguvu, maana kueleza ilikuwa ni sehemu ya kazi aliyoipenda kuliko hata kutengeneza. Akachuchumaa, akaokota vijiti, akavipanga mavumbini vikawa nane ya mashine: vitatu vimelala, vinne vimesimama.

"Baba, kila namba kwenye kioo ni vijiti saba. Ukitaka nane, tia weusi vyote. Ukitaka moja, tia weusi viwili vya kulia. Ukitaka saba, ongeza cha juu. Sasa nyuma ya kioo kuna chipu, na ndani yake kuna zizi."

"Zizi."

"Zizi lenye vibanda vingi vidogo. Kila kijiti cha kioo kina kibanda chake, na kibanda kinaingia ng'ombe mmoja tu. Ng'ombe akiwemo, kijiti kinakuwa cheusi. Kibanda kikiwa kitupu, kijiti hakionekani. Na pale zizini kuna mlinzi. Huyo mlinzi hajui kuhesabu, hajui presha, hajui ni asubuhi au jioni. Anazunguka tu bila kulala, anachungulia kila kibanda: yumo, washa, hayumo, acha. Yumo, hayumo. Siku nzima."

"Mlinzi mzuri," mzee akasema.

"Mzuri sana, ila mjinga. Mwenye akili ni ubongo wa mashine, anakaa nyumba ya pili. Yeye ndiye anayepima mkono. Akishapata jibu anatuma ng'ombe kwa njia moja nyembamba, kwamba hawa waingie, wale watoke. Zizi likipangwa upya, namba inabadilika. Sasa njia ile ikikatika?"

Mzee akafikiri, amefumba jicho moja. "Mwenye akili atapima, atatuma, ng'ombe hawatafika."

"Naam."

"Na mlinzi ataendelea kuzunguka na wale wale aliowakuta."

"Baba, ungesoma ungekuwa hatari."

"Kwa hiyo Magige akipima, ni ng'ombe wa zamani. Mimi nikipima, ni ng'ombe wa zamani. Mke wangu akipima, ni hao hao." Halafu akauliza swali ambalo mchunga mifugo yeyote angeuliza kwanza. "Hao ng'ombe ni wa nani?"

Nyangwine akairudia siku ile kichwani. Njia ilikuwa nzima alipojaribu kibandani. Ilikatika mfuniko ulipofungwa. Na mtu wa mwisho kufungwa mkanda kabla ya mfuniko kufungwa alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti cha fundi, tumbo limejaa nyama choma, ametoka kumtukana bodaboda. Kuzima kwa kitufe hufumba kioo tu, na betri hazikutolewa tena, kwa amri yake mwenyewe, basi mlinzi hakupata hata siku moja ya kusahau.

Wegesa alifika kabla yake. Akaweka mkono mdomoni. "Tairi la trekta!"

"Mama Sarah, nyamaza."

"Ni yake! Baba, ni presha ya Baba Sarah! Alijipima kibandani, mimi niliona kwa macho yangu!"

Magige akasimama polepole, mkanda bado unaning'inia mkononi. "Subiri. Chumvi tuliyoiacha. Nyama za maji tulizokula. Mimi nimelala mchana kama mtoto, nimeacha shamba... tulikuwa tunaugua wewe?"

"Kwa namna fulani, shemeji."

"Mura!"

Mzee Simioni akainua mkono watu watulie. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. "Nyangwine. Mahari ya Wegesa ulimaliza?"

"Nilimaliza, baba. Wewe mwenyewe uliwapokea."

"Nilihesabu nikaridhika. Sasa hawa wengine uliowaingiza usiku kwenye zizi la mke wangu, umewaleta kwa nini, na mshenga wako ni nani?"

Kezia ndiye aliyecheka wa kwanza, akakimbilia jikoni. Magige akajaribu kubaki na hasira, ikamtoroka. Lakini Nyangwine hakucheka, maana masikio yake yalikuwa ukutani. Kule ndani kulikuwa kimya. Akaanza kuhesabu makosa yake kichwani: mkono wake haujamgusa mama mkwe, kweli, lakini damu yake imemkumbatia kila asubuhi. Mila inasemaje juu ya hilo? Wazee waliotunga mila hawakuijua chipu.

Kisha ukuta ukatoa sauti ambayo boma lilikuwa limeisahau. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitanda kikalalamika.

"Mwambieni mkwe," akasema alipopata pumzi, "mimi nimemkwepa njiani miaka yote hii. Nimeingia majanini na mzigo kichwani. Nimekanyaga miiba. Kumbe asubuhi asubuhi ananishika mkono kwa umeme!"

"Mwambieni mama," Nyangwine akasema, jasho linamtoka, "nilifuta alama zote za vidole."

"Vidole alifuta. Presha akasahau!"

Ikabidi kukaa kikao cha dakika chache, kwa sababu kwa kawaida mkwe anayemgusa mama mkwe hutoa mbuzi. Magige alisema umeme si mkono. Mzee Simioni akasema hata hivyo mbuzi hajawahi kuharibu harusi ya mtu, basi huyo mbuzi aje Jumamosi kwa miguu yake. Nyangwine akakubali kabla mbuzi hajaongezeka.

Halafu akaifungua mashine. Alipochomoa betri na kuzirudisha, kioo kikajaa vijiti ovyo ovyo: nusu ya namba, vipande vya namba, kitu kama mguu wa kuku. Magige akaruka nyuma.

"Sasa imekuwa ya mganga!"

"Ni zizi limefunguliwa," Nyangwine akasema. "Umeme ukikatika ng'ombe wote wanakufa. Ukirudi, vibanda vinajaa waliopotea njia, yeyote aliyeingia kaingia. Ubongo ukiamka huwa unatuma amri kwanza, fukuza wote. Amri haifiki. Unaona?" Akaunyanyua waya wa masikioni kwa ncha ya bisibisi. Ulikuwa umebanwa na mfuniko ukakatika kabisa.

Chuma cha kulehemu kilipashwa kwenye jiko la mkaa la Kezia. Safari hii Nyangwine aliupitisha waya mbali na ukingo, akaulehemu kimya, bila hata kujisifu, jambo ambalo Wegesa alilisimulia baadaye kama muujiza. Kioo kikawaka, kikajifuta, kikabaki na sifuri yake. Mkanda ukaingizwa ndani kwa mama, bila kanga. Wegesa akasoma kwa sauti, na namba zilikuwa zinapanda na kushuka kila mtu anasikia, mpaka zikatulia: mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili. Mzee Simioni akapata yake. Magige akapata yake, akaionesha kwa watu kama cheti. Kezia akapata ya kwao.

"Zima hiyo simu," mama mkwe akamwambia Magige.

"Ngoja kwanza, mama," Nyangwine akamwambia ukuta. Hadi siku hiyo hakuwahi kumpinga mama mkwe. "Mwambieni mama, safari hii asiamini mikono yangu. Kesho aende zahanati. Akisema nesi, ndiyo harusi."

Kesho yake walikwenda, wanawake mbele, Nyangwine nyuma kabisa kwa umbali wa heshima. Nesi akampima mama, akasema mama yuko vizuri kwa umri wake, na kizunguzungu cha kanisani huenda kilikuwa njaa, maana alikuwa hajanywa hata chai. Ilikuwa ishatosha. Watu wa Nyambureti waambiwe waje. Winfrida akamkumbatia nesi mpaka kofia ikadondoka.

"Na huyo mwanamume aliyejificha nyuma ya mlango?" nesi akauliza.

"Huyo ndiye mwenye ng'ombe," Wegesa akasema, akamsukuma kwenye kiti.

Nesi akapima. Akapima tena mkono wa pili. Hakutaja tairi la trekta. Alisema maneno ya kueleweka: presha iko juu, arudi wiki ijayo na ile inayofuata apimwe tena, aanze kliniki, apunguze nyama, apunguze na ugomvi. Nyangwine akataka kumweleza habari za chipu. Nesi akasikia chipsi, akamwambia hata hizo za mama wa viazi hapo nje aache.

Jumamosi magari ya Nyambureti yalifika yakipiga honi tangu mbali. Mbuzi alikuwa ameshafika mapema na akawa ameshaliwa nusu. Mama mkwe alimtoa binti yake kwa miguu yake mwenyewe, akacheza mpaka kilemba kikahamia begani, na Nyangwine alimtazama kutoka ng'ambo ya uwanja, mahali pa mkwe, mdomo umejaa mboga za majani.

Baadaye Godwin aliletwa kusalimia. Akasimama nje ya ukuta, suti yake mpya, anatetemeka kama inavyompasa mkwe mpya. Mle ndani mama akamuuliza Wegesa, kwa sauti ya kunong'ona ambayo uwanja mzima uliisikia:

"Na huyu anatengeneza nini?"

"Hatengenezi kitu, mama. Anaendesha trekta."

"Asante Mungu," mama mkwe akasema. "Mkaribisheni."